Benki ya chakula mtaani kwetu, inawezekana au tutaishia kugombana?

MpishiManzese ameandika:

Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Mimi napika chakula maeneo ya Manzese hapa Dar, mama ntilie kama mnavyotuita, na kila alfajiri nipo soko la Mabibo pale Mahakama ya Ndizi nachukua mahitaji. Kuna jambo linaniumiza muda mrefu nimeona nilete humu kuna watu wazoefu.

Yaani ikifika saa nne saa tano asubuhi ukikaa pale unaona nyanya zinamwagwa, ndizi zilizoiva sana zinasukumwa pembeni, karoti zilizokatika, kabichi zenye majani mawili matatu mabaya tu, hoho zilizosinyaa. Sio kwamba vyote vimeoza, vingi ni vya kupika siku hiyo hiyo, kesho ndo haviwezi. Af narudi mtaani kwangu kuna bibi analea wajukuu, wale watoto wanakula mlo mmoja kwa siku na wenyewe mara nyingi ni uji mtupu. Mkubwa wao akija bandani kwangu haombi, anasimama kwenye beseni la vyombo anaanza kuosha bila kuambiwa, akimaliza ndo anaangalia sufuria. Nikimjazia sahani anakula nusu, nusu anaifunika na sahani nyingine anapeleka kwa wadogo zake. Na si yeye peke yake, wapo wengi, wengine ni watu wazima kabisa wenye heshima zao hawawezi kusema.

Sasa nimesikia nchi za wenzetu wana hizi benki za chakula, kile kinachobaki sokoni na madukani kinakusanywa kinapelekwa kwa wenye shida. Sisi akina mama watatu tumeongea tukasema kwanini tusianze hapa hapa mtaani, chumba cha kuanzia tunacho, ila hatujui tuanzie wapi. Nani anapewa na nani anaachwa maana hapo ndo ugomvi utakapoanzia, vyakula vilivyochubuka vina usalama gani, tunahitaji kibali cha nani, na je watu wa soko watakubali kutupa au watatuona wachuuzi tumekuja na janja. Naombeni mawazo yenu, hata kama ni ya kukatisha tamaa semeni tu ila mseme na sababu.

---

DalaliWaNyanya amejibu:

Dada nakuelewa sana na ulichokiona ni kweli kabisa, mimi nipo kwenye nyanya miaka mingi ngoja nikueleze inakuwaje ili ukija uje unajua.

Mzigo wa nyanya kutoka mashamba ya Ilula au ya Lushoto unaingia usiku. Magari yakiwa machache mzigo unaisha kabla jua halijachomoza. Magari yakiingia mengi kwa pamoja bei inaporomoka, af yale matenga ya chini kwenye gari yamebeba uzito wa yote ya juu njia nzima kwahiyo nyanya zake zimepasuka. Hizo ndo zinaitwa masalo. Mwenye mzigo anataka hela yake arudi shamba, mimi dalali nataka meza iwe wazi kwa mzigo wa usiku unaofuata, kwahiyo ikifika saa tano kilichobaki ni mzigo kwetu, tena kukitoa nje kama takataka ni gharama. Mtu akija muda ule akasema naomba hiki naenda kulisha watoto, wengi wetu tutampa bila hata kuuliza mara mbili. Shida ni kwamba watu wanaokuja kuomba wanakuja saa kumi na mbili, soko limechangamka, hapo hakuna atakayekusikiliza.

Ila kuna jambo moja nataka uliangalie kabla hujaanza. Hizo masalo unazoona zinamwagwa, kuna akina mama wanaishi kwa hizo. Wanakuja wanachagua, wanaosha, wanapanga mafungu ya mia tano wanakaa nayo barabarani, ndo ada ya mtoto hiyo. Ukija na kikundi chako na jina la msaada ukachukua tenga zima bure, umemnyang'anya mama mwingine maskini chakula ili ukampe maskini wa pili. Nimeona watu wenye nia nzuri wanafanya hivyo na hawajui. Kaa nao kwanza wale akina mama, waulize wao wanachukua nini na wanaacha nini, utakuta wanaacha vingi tu hasa ndizi mbivu, majani na kabichi. Anzia hapo. Na wengine wao wenyewe watakuwa kwenye orodha yako ya kupewa.

---

Shiru wa Mboga amejibu:

Hujambo dada, mimi niko Nairobi na huwa najitolea na kikundi kidogo huku kwetu, tunasort mboga za kupeana. Nitakuambia vile hii kazi huendeshwa huku ndio uchague inayokufaa.

Kuna shirika kubwa linaitwa Food Banking Kenya, lilianza 2017, na jambo la kwanza ujue ni kwamba wao kimsingi si duka la watu kuja mlangoni mmoja mmoja. Wao huchukua chakula kwa wingi halafu wanapeleka kwa shule, makao ya watoto na vikundi ambavyo tayari vinalisha watu. Mboga nyingi hutoka shambani na kwa pakihausi, zile ghala za kupakia mboga zinazopeleka Ulaya. Wewe fikiria mishiri, yale maharage mabichi ya maganda, hawa wenye soko la nje wanataka iwe imenyooka, urefu fulani, unene fulani. Ikipinda inakataliwa na haina kitu mbaya hata kidogo, ni ile ile mishiri. Mkulima hawezi kuiuza kwa soko la hapa maana watu wa kawaida hawali sana mishiri, kwa hivyo inalishwa ng'ombe ama inaozea shambani. Sasa hiyo ndio inakuja kwa sahani ya mtoto wa shule.

Kwa nini nakuambia hii? Kwa sababu swali lako la nani apewe nani aachwe huwa rahisi sana ukipeleka chakula mahali watu wamekusanyika tayari. Kama hapo karibu na wewe kuna shule ya msingi ambayo watoto wanakaa mpaka mchana bila kula, peleka hapo. Mjukuu wa huyo bibi atakula, mtoto wa jirani ambaye baba yake hajalipwa atakula, na hakuna mtu ametajwa jina. Ukianza kuita watu nyumbani mwako wapange foleni hapo utaona mambo, wengine watakuja na gari na wale wanaohitaji kabisa watabaki nyumbani kwa aibu.

Jambo la pili ni usafiri. Watu hudhani kazi ngumu ni kupata chakula. Chakula kipo, hata ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2024 ilisema dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kwa mwaka mmoja wa 2022 pekee, na zaidi ya nusu ni cha majumbani mwetu. Kazi ngumu ni kukitoa mahali kiko mpaka mahali kinahitajika kabla hakijaharibika. Nyanya iliyopasuka unayo masaa machache tu kwa joto la Dar. Kwa hivyo tafuta mkokoteni ama mtu wa guta (la mizigo la magurudumu matatu) wa kudumu, muelewane siku na saa, ndio mengine yafuate. Sisi tulikuwa tunategemea marafiki wenye gari na mtu akikwama na mboga zinakwama.

Na muandike kila kitu kwa daftari, mmepokea nini kilo ngapi kutoka kwa nani, mmetoa nini kimeenda wapi. Siku mtu wa soko ataanza kusikia ati mnauza vitu vyake mtafungua daftari.

---

Mzee wa Hoja amejibu:

Mimi nitakwenda kinyume kidogo na naomba nisieleweke vibaya, namheshimu sana huyu mama kwa moyo wake.

Njaa ya mtaani haitokani na kukosa nyanya. Inatokana na kipato. Huyo bibi analea wajukuu kwa sababu kuna wazazi wamekufa au wamekimbia au wapo na hawana kazi. Ukimpa kabichi leo, kodi ya chumba inabaki pale pale. Kuna mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya maskini, swali la kwanza liwe je huyu bibi yumo kwenye orodha? Kama hayumo kwanini hayumo? Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hawa wanalipwa au wamechaguliwa kwa kazi hiyo. Hofu yangu ni kwamba akina mama wema wakishaanza kulisha watu, wenye wajibu wanapumzika. Wanasema si kuna wale akina mama wanagawa. Nchi za Ulaya zimeanza na ghala moja la kanisa leo wana maelfu na bado watu wanazidi kupanga foleni. Wanaokaa huko watueleze kama nasema uongo.

---

Mbongo Leeds amejibu:

@Mzee wa Hoja husemi uongo. Nipo Uingereza mwaka wa kumi na kitu sasa na hili jambo naliona kwa macho. Hawa Trussell ambao ndo shirika kubwa la benki za chakula huku, food bank yao ya kwanza ilikuwa mji wa Salisbury mwaka 2000, mtu na mkewe walianzia kwenye gereji na kibanda cha bustani. Mwaka ulioishia Machi 2024 mtandao wao ulitoa vifurushi vya dharura zaidi ya milioni 3.1. Hao ni wao tu, bado misikiti, makanisa, gurdwara za masingasinga na vikundi vingine. Na wao wenyewe Trussell wanasema wazi kwamba lengo lao ni nchi ifike mahali food bank hazihitajiki, kila mwaka wanaibana serikali kuhusu posho na mishahara kwa kutumia hesabu zao. Kwahiyo kulisha na kudai haki si lazima vigombane, zile takwimu za kwenye daftari alizosema dada wa Nairobi ndo zinakuwa silaha. Ukienda kwa mwenyekiti ukasema watu wana njaa atakwambia kila mtu ana njaa, ukienda na daftari linaonyesha kaya fulani zimekuja wiki sita mfululizo na zina watoto chini ya miaka mitano, hapo ni mazungumzo mengine.

Utaratibu wao huku ni vocha. Hujiendei tu, unapewa rufaa na daktari, shule, mtu wa ustawi, au ofisi za ushauri, halafu unapata kifurushi cha siku kama tatu. Uzuri wake ni kwamba wanaogawa hawahukumu nani maskini nani sio, kazi hiyo imefanywa na mtu anayeijua familia. Ubaya wake ni kwamba mwenye aibu au asiyejua kiingereza vizuri anakosa hata pa kuanzia. Nimewasindikiza Waswahili wenzetu wengine mara nyingi kwa sababu hiyo tu, mtu anakaa na njaa wiki nzima hajui kama anaweza kuomba rufaa shuleni kwa mtoto. Kwako mpishi, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuwa ndo watoa rufaa wako, wao wanaingia majumbani.

Kitu kingine nilichojifunza huku ambacho sijaona mtu amekigusa, chakula bila moto si chakula. Huku kuna watu wanarudisha pasta na mchele kwa sababu hawana hela ya umeme wa kupikia, mpaka food bank zikaanza kutengeneza vifurushi maalum vya vitu vya kumwagia maji ya moto tu. Sasa hapo Manzese mkaa bei gani? Ukimpa bibi kilo tatu za maharage makavu umempa na deni la mkaa. Wewe dada ni mpishi, una sufuria kubwa na jiko. Mimi ningekuwa wewe ningepika maharage kwa pamoja nikagawa yameiva, kila mtu anakuja na chombo chake anaenda kupika ugali tu kwake.

---

MpishiManzese ameandika:

Asanteni sana jamani, sikutegemea. @Mbongo Leeds hilo la mkaa umenigusa, ni kweli kabisa kuna mama nilimpa maharage akanambia bora ungenipa unga, nikaona kama hana shukrani kumbe anapiga hesabu ya mkaa.

@Mzee wa Hoja baba yangu nakusikia. Bibi hayumo TASAF, nilimuuliza, anasema wakati wanaandikisha alikuwa kijijini kwenye msiba. Nitamsindikiza kwa mwenyekiti wiki hii. Lakini baba yule mtoto anayeosha vyombo hawezi kusubiri mpaka orodha ifunguliwe tena. Hayo mengine tutayadai huku amekula.

Bado sijajibiwa kuhusu usalama. Na kuna mtu amenambia nafaka ndo bora kuliko mboga maana haziharibiki, anataka kutupatia mahindi ambayo yamenyeshewa kidogo ghalani.

---

Mkulima Kongwa amejibu:

Hayo mahindi yaliyonyeshewa USIPOKEE. Samahani kwa herufi kubwa lakini hapa ndo watu wanakufa.

Mahindi na karanga zikipata unyevu zinaota ukungu, na ule ukungu unaacha sumukuvu. Huioni, hainuki muda wote, na kupika hakuiondoi, uchemshe ugali mpaka jioni sumu ipo. Mwaka 2016 huku kwetu Dodoma na wenzetu wa Manyara watu waliugua, macho njano, matumbo yamejaa maji, karibu 20 walifariki na ikaja kuonekana ni mahindi. Kenya 2004 ilikuwa mbaya zaidi, Makueni na Kitui huko, walikufa 125. Na wengi wao walikula mahindi yao wenyewe waliyolima, sio ya kuletewa. Sasa wewe ukigawa mahindi ya hivyo kwa watoto wenye utapiamlo ambao maini yao hayana nguvu, nia yako njema haitamsaidia mtu. Mtu akileta nafaka iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au iliyoshikana mabonge, mwambie asante ila hapana. Na usikubali akwambie basi wape kuku, sumu inaingia kwenye mayai pia.

Nafaka nzuri ukizipata zikauke kabisa, weka mahindi kidogo kwenye chupa kavu na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado zina maji hazijakauka. Halafu tumia ile mifuko ya tabaka tatu ya kukaba hewa, mdudu anakosa pumzi anakufa bila dawa. Huku kwetu dumuzi, mdudu mla mahindi, tunamwita Scania, ukimwachia gunia miezi mitatu unakuta unga mtupu.

Af kuna mfumo mwingine wa benki ambao sisi vijijini tunauelewa zaidi. Wakati wa mavuno mwezi wa sita kila kaya inaleta debe ghalani, bei iko chini kila mtu anacho. Ikifika mwezi wa kwanza wa pili, mvua inanyesha, shamba linataka palizi na ndani hakuna kitu, mtu anakopa gunia moja anarudisha na debe juu baada ya mavuno. Asipokopa hapo anakwenda kwa mwenye hela anauza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Wale wasio na uwezo kabisa, wazee na wagonjwa, wanakatiwa kutoka kwenye yale madebe ya riba. Ghala lina kufuli zaidi ya moja na funguo wanashika watu tofauti, wasiofungamana kwa undugu. Mjini hamlimi lakini mnaweza kufanya hivyo kwa unga, kila mwenye kipato anaweka kilo mwisho wa mwezi.

Kwa mboga, kilichochubuka kata sehemu mbaya upike siku hiyo, chenye ukungu tupa. Hoteli zikikupa chakula kilichopikwa kataa mwanzoni mpaka uwe na utaratibu, wali uliokaa nje kwenye joto unaharisha watu. Muite afisa afya wa kata aje aone chumba kabla hujaanza, ukimuita wewe anakuwa mshauri, akiitwa na jirani aliyekasirika anakuja kufunga. Na kuhusu kibali anza na kikundi cha kijamii kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, usikimbilie kusajili NGO, hizo zina sheria yake ya 2002 na ripoti za kila mwaka, utatumia muda wote kwenye makaratasi.

---

Shiru wa Mboga amejibu:

Mkulima ameongea kila kitu. Naongeza moja tu, tafadhali msipige watoto picha wakipokea chakula muweke mtandaoni. Wafadhili huomba hizo picha. Piga picha ya mizani na mboga, inatosha. Huyo mtoto anayeosha vyombo anaenda shule na wenzake wana simu.

---

DalaliWaNyanya amejibu:

@MpishiManzese nimeongea na wenzangu wawili wa upande wa kabichi na mmoja wa ndizi, wamekubali. Masharti ni haya, uje saa tano sio kabla, uje na matenga yako matupu maana yetu yana wenyewe, na usichague mezani kwa mtu ambaye hajasema chukua. Wale akina mama wa mafungu nimewaambia pia, kiongozi wao anataka mkae muongee kwanza ana mambo yake ya kusema na ana haki. Kuna kijana wa guta huwa anarudi tupu kuelekea Manzese muda huo, mafuta na soda yake mkubaliane, mwanzo tutachanga sisi. Nimekutumia namba inboksi, ukifika mlango wa malori nipigie nikutoe.